Kupima Nini? Sauti Nyuma ya Masanduku

Wiki iliyopita tulimwacha Kupima-Nini kwenye ghala la forodha, amebana pumzi, mgongo kwenye sanduku, sikio wazi. Upande wa pili wa sanduku hilo walisimama watu wawili aliowajua kama viganja vyake. Mmoja ni Fundi Mitambo, mchumba wake, wa kumwoa Jumamosi. Mwingine ni Kitinda, mdogo wake wa tumbo moja, mkuu wa maabara ya hospitali.

Na maneno aliyoyasema Kitinda, msomaji, kama yamekutoka, ni haya:

"Nimeshapimwa, shemeji. Mara mbili. Hapo hakuna tena kubadilisha. Dada asijue mpaka siku yenyewe."

Fundi Mitambo akacheka. Akacheka! Kile kicheko cha puani ambacho Kupima-Nini alidhani ni chake peke yake.

"Mimi mdomo wangu nimeufunga," akasema. "Ila siku inavyozidi kukaribia, naogopa ataona."

"Ataona nini? Dada haoni kitu kisicho na karatasi."

Kupima-Nini aliyarudia maneno hayo kichwani. Amepimwa. Mara mbili. Hakuna kubadilisha. Mwanamke akisema hivyo kwa mwanamume, tena kwa sauti ya chini, amepimwa nini tena kama si tumbo?

Wiki nzima alikuwa akikusanya vipande. Simu ya Fundi inayogeuzwa uso chini. Mkono mweupe wa shati la kike aliouona ukichungulia kwenye begi lake la spana. Sasa vipande vikashikana vyenyewe.

Alitaka kulia, akajikaza kisabuni. Akakohoa kwa nguvu, kikohozi cha ofisini, akazunguka sanduku kama mtu ndiyo kwanza anaingia.

"Mzigo wa maabara ya hospitali," alisema, macho kwenye faili. "Mpokeaji yupo?"

Kitinda aliruka kidogo. "Da... Afisa. Nipo."

"Fundi wa kufungua sanduku yupo?"

"Nipo, mama," akajibu Fundi Mitambo, na jicho akalikonyeza kwa siri kama kawaida yake.

Jicho lile! Asubuhi iliyotangulia lingemyeyusha. Leo lilimchoma kama cheche.

Hapa msomaji utaniuliza: inakuwaje afisa wa forodha akague mzigo wa ndugu yake? Hairuhusiwi. Pale ofisini sheria ni moja na kila mtu anaijua: afisa hashiki mzigo wa nduguye. Faili lilipotua mezani kwake, Kupima-Nini alitakiwa kumsukumia jirani wa meza na kusema, huyu mdogo wangu, shika wewe. Dakika hiyo hiyo yangekwisha.

Hakusema. Na sababu yake haikuwa nzuri.

Alitaka, mara moja tu maishani, Kitinda aje asimame mbele ya dirisha lake na kusubiri.

Maana maisha yao yote aliyesubiri alikuwa yeye. Kitinda alipopelekwa chuo, dada mtu alibaki na cheti cha sekondari na mgonjwa wa kuuguza. Mama yao alipokuwa katika saa zake za mwisho, aliyeitwa chumbani alikuwa Kitinda. Mlango ukafungwa. Dada mtu alikuwa jikoni anachemsha maji, anasikia mnong'ono ukipita mlangoni, haelewi neno hata moja. Mlango ulipofunguliwa, Mama alikuwa amekwenda.

Mpaka leo hajawahi kuuliza kilichosemwa mle ndani. Na Kitinda hajawahi kumwambia.

"Fungua," akasema.

Fundi Mitambo akashika spana. Ubao ukatoka, maboksi ya povu yakatoka, na mashine ikatokea, nyeupe, kubwa kama kabati la vyombo, ina kioo mbele na mkono mwembamba wa chuma ndani.

"Hati inasema mashine ya kupima," alisema Kupima-Nini. "Kupima nini?"

Wakala wa mzigo, aliyekuwa kando anajipepea na karatasi, akatabasamu. Swali hilo ndilo lililompa afisa huyu jina. Neno kupima ni kapu, linabeba kila kitu. Mwenye duka anapima sukari, mpimaji anapima kiwanja, fundi cherehani anapima kiuno, daktari anapima homa. Lakini forodhani kila kupima kuna kifungu chake, na kila kifungu kina ushuru wake. Mawakala wavivu huandika "mashine ya kupima" wakaishia hapo. Afisa huyu alikuwa anawarudisha wote na swali moja, mwaka hadi mwaka, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika.

"Inapima damu," alijibu Fundi Mitambo. "Unaweka vichupa hapa. Chumba hiki kinapasha joto, mkono huu unatikisa, unachanganya na vitendanishi, zile dawa za kupimia. Halafu jicho hili linapitisha mwanga, linasoma. Figo, ini, sukari, mimba..."

Kalamu ikamwanguka Kupima-Nini.

"Mimba," alirudia.

"Ndiyo. Hata ya wiki chache."

Akainama kuokota kalamu. Kichwa kilipokuwa chini aliiona miguu yao, viatu vya Fundi na viatu vya Kitinda, vimesimama karibu karibu, vidole vimeelekeana. Wivu ukampanda kutoka tumboni mpaka utosini. Aliponyanyuka alikuwa mtu mwingine.

"Kwa hiyo inapasha joto," alisema.

"Inapasha ili iweze kupima."

"Na inatikisa."

"Inatikisa ili iweze kupima. Mama, si unajua..."

"Usiniite mama. Nipo kazini." Akafungua faili juu ya sanduku. "Ina chumba cha joto. Naiweka kwenye kifungu cha mashine za kupasha joto. Italipiwa ushuru."

Wakala akaacha kujipepea.

"Afisa," akasema taratibu, "hiki ni chombo cha uchunguzi. Hata mtoto wa shule anaona. Vyombo vya uchunguzi vya maabara havilipi."

Alisema kweli, na Kupima-Nini alijua anasema kweli. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha maafisa wapya: usiangalie kitu kinafanya mangapi, angalia kipo kwa ajili ya nini. Jiko halipo kwa ajili ya kutoa moshi. Sentensi hiyo walikuwa wakiiiga kantini kwa sauti yake, wakicheka.

Leo aliikanyaga kwa kisigino.

"Kama hamridhiki, mkate rufaa kwa Mkuu," akasema.

Kitinda akasogea, akashusha sauti. "Dada. Kuna yale maboksi madogo. Vitendanishi. Vimekuja na barafu, na chumba chenu cha baridi kimekufa. Barafu ikiisha vinaharibika vyote. Hospitali haina fungu la ushuru, mzigo utalala hapa miezi."

"Hapa sina mdogo."

"Basi kwa ajili ya Mama. Hii ndiyo aliyoikosa. Damu yake ilipelekwa mbali, majibu yakarudi tumeshazika. Unakumbuka?"

"Usimtaje!" Sauti yake iligonga bati la ghala. Wapagazi wakageuka. "Usimtaje Mama mbele yangu. Ulishamchukua peke yako."

Akachukua lakiri nyekundu, ile ya kufungia mizigo iliyozuiwa, akaipitisha kwenye komeo la kizimba ulimosukumwa mzigo, akaibana. Ta!

Mashine ya kupima damu ikafungwa kama mfungwa. Na funguo zikaning'inia kwenye kidole cha mwanamke mwenye wivu.

* * *

Wakala hakupoteza muda. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kitengo. Mkuu akasema atawasikiliza wote mchana, baada ya chakula.

Kupima-Nini alikaa mezani, hali, hanywi. Kupitia dirishani aliwaona Fundi Mitambo na Kitinda wakitoka getini.

Pamoja.

Alitegemea wataelekea hospitali. Wakakata kushoto. Alitegemea basi wataingia mgahawani kama watu wengine. Wakaupita. Fundi alikuwa na lile begi lake la spana begani, na kwenye zipu yake kitambaa cheupe kilichungulia tena.

"Nakwenda dukani mara moja," Kupima-Nini akamwambia jirani wa meza.

"Niletee maji."

"Nitakuletea."

Hakuyakumbuka tena hayo maji mpaka leo.

Aliwafuata kwa mbali, kitambulisho kinamdunda kifuani. Wakapita maduka ya vyuma, wakapita wauza ndoo, wakaingia uchochoroni nyuma ya soko. Walikuwa wanaongea huku vichwa vimeinama. Mara Kitinda akasimama, akajifuta macho. Fundi akamgusa bega.

Kumgusa kule! Kupima-Nini aling'ata mdomo mpaka akaonja chumvi.

Mwisho wa uchochoro palikuwa na mlango wenye pazia la maua. Fundi akalipandisha kwa mkono, Kitinda akapita chini ya mkono huo, na pazia likashuka nyuma yao.

Wameingia ndani. Mchana kweupe.

Alisimama nje muda mrefu akihesabu maneno atakayoyasema. Kwanza angevua pete ya uchumba, angeirusha. La, angeishika, aende nayo, akaiuze. La, angemtupia Kitinda usoni, aivae. Alikuwa amefika hapo, hajaamua, mkono wake ukalipasua pazia wenyewe.

Na alichokiona, msomaji, hakikuwa alichotegemea. Kilikuwa kibaya zaidi.

Kitinda alikuwa amesimama juu ya kiti, amevaa gauni la harusi.

Fundi Mitambo alikuwa amepiga magoti mbele yake, amelishika pindo kwa mikono miwili.

Na gauni lenyewe! Alilijua. Alilijua kwa vile vifungo vidogo vya lulu mgongoni, kwa lile doa la kahawia karibu na pindo ambalo halikutoka hata likifuliwa. Alilitazama utoto wake wote kwenye picha ya ukutani. Lilikuwa gauni la Mama.

"Umechukua chuo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kavu, hata yeye hakuitambua. "Ukachukua pumzi ya mwisho ya Mama. Gauni lake nalo ukalificha. Na sasa unachukua na mwanamume. Jumamosi alikuwa atuoe wote wawili, au mimi nilikuwa wa kupika?"

"Dada!" Kitinda akayumba juu ya kiti.

"Usiniite dada! Mimba ya miezi mingapi?"

"Mimba?" akasema Fundi Mitambo, pindo mkononi, mdomo wazi.

"Nimewasikia ghalani! Nimeshapimwa mara mbili, hakuna tena kubadilisha! Mimi si kiziwi!"

Kwenye kona pakasikika sauti.

"Mm-mm. Mm-mm-mm."

Ilikuwa sauti ya mama mshonaji, mwanamke mnene, utepe shingoni, pini zimejaa mdomoni. Alikuwa anajaribu kusema. Akatema pini moja moja kiganjani, bila haraka, huku wote wanasubiri.

"Aliyempima ni mimi," akasema mdomo ulipokuwa huru. "Mara ya kwanza kiuno na urefu. Mara ya pili kifua, maana alikataa kusimama wima, anacheka kama mtoto. Na nimeshakata kitambaa cha kuongezea, ndiyo maana nikamwambia, hapo hakuna tena kubadilisha." Akamtazama Kupima-Nini kuanzia viatu mpaka kichwani, akatua mabegani. "Kumbe ndiye wewe. Ee, afadhali umekuja. Mabega nilikuwa nakisia tu. Nimepewa shati lako nilipimie, lakini shati si mtu."

Alinyoosha kidole. Kwenye ukuta, juu ya msumari, lilitundikwa shati jeupe la kazi. La forodha. Lile lililopotea kwenye kamba wiki mbili zilizopita. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikizwa pini.

Kupima-Nini alilitazama shati lake.

"Mnafanana umbo," aliendelea mshonaji, "kasoro mabega. Nikasema basi, mdogo mtu asimame badala yako. Bwana harusi kazi yake kulileta shati na kushika pindo lisiburute. Mshikaji mbaya, lakini ana nia."

"Dada," alisema Kitinda kutoka juu ya kiti. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yakidondokea lulu. "Siku ile chumbani. Hukuwahi kuniuliza Mama aliniambia nini."

"Sikutaka kujua."

"Ulitaka. Miaka yote unanitazama kama niliyeiba. Aliniambia habari za gauni. Basi. Alisema, dada yako siku akiolewa atakataa kulivaa, atasema uvae wewe, kwa hiyo usimwambie mpaka siku yenyewe. Akasema, mabega yake mapana kuliko yangu, mwambie fundi alifungue mabegani. Akarudia mara mbili, alifungue mabegani, usisahau. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Sikujua kwamba ni ya mwisho. Nilidhani atanipa na neno langu mimi."

Hapo Kitinda akashindwa kuendelea.

Kupima-Nini alijishika bega la kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyeguswa na asiyemwona. Mama alikuwa kitandani, ngozi na mifupa, na bado alikuwa anampima. Kwa macho tu, kupitia ukutani, yeye akiwa jikoni na sufuria yake ya maji.

"Hata leo," alisema Fundi Mitambo, bado amepiga magoti, "baada ya ulichotufanyia asubuhi. Nilimwambia tuahirishe, una hasira. Akasema, dada amefunga mashine, gauni halina kosa. Njiani analia, lakini tumekuja."

"Ungeuliza tu," akasema Kitinda. "Kila mtu unamwuliza. Mpaka mawakala wanakuiga. Mimi ndugu yako nasema nimepimwa, wewe unanyamaza? Lile swali lako lilikwenda wapi?"

Mshonaji akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka, akarudisha pini mdomoni.

Kupima-Nini alipiga hatua, akainama, akamkumbatia mdogo wake miguuni pale pale juu ya kiti, uso umezama kwenye gauni la Mama. Lilinuka karafuu na sanduku.

"Mm! Mm-mm!" mshonaji akapiga kelele. Pini zilikuwa zimejaa pale.

Zilimchoma shavuni. Hakuondoka.

* * *

Walirudi ofisini mbio mbio, wote watatu, na njiani Kupima-Nini alieleza huku anahema.

"Nabadilisha kifungu. Naweka vyombo vya uchunguzi, nakata lakiri, mnachukua kabla barafu haijaisha. Mkuu hana shida na mimi."

"Na nikiulizwa mimi ni nani kwako?" akauliza Kitinda.

Kupima-Nini akapunguza mwendo. "Hutaulizwa."

"Dada. Nikiulizwa?"

"Afisa hashiki mzigo wa nduguye. Anayeshika kwa siri anafukuzwa. Nilitakiwa nimpe jirani." Akameza mate. "Nilitaka nikuone umesimama dirishani kwangu."

Kitinda aliukamata mkono wake, akaushika mpaka getini, kisha akauachia mwenyewe, bila kuambiwa.

Mkuu wa Kitengo alikuwa amekwishakaa. Mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti, na ndiyo maana anaogopwa. Wakala alikuwa kwenye kiti cha ukutani. Fundi Mitambo akabaki mlangoni.

"Mkuu," alianza Kupima-Nini kabla hajaulizwa, "nimeupitia tena mzigo wa maabara. Nilikosea. Ni chombo cha uchunguzi. Naomba nirekebishe."

"Ulikosea," alirudia Mkuu.

"Ndiyo, Mkuu."

"Wewe. Kupima-Nini." Akavua miwani, akaifuta na tai. "Miaka yote hii sijawahi kukuona unabadilisha kifungu hata kwa kusukumwa. Asubuhi joto, mchana uchunguzi. Nikiuruhusu bila sababu, kesho watasema hapa vifungu vinabadilika kwa bahasha. Sababu ni nini?"

Sababu ilikuwa imesimama kando yake, pua nyekundu kwa kulia.

"Nitakusaidia," akasema Mkuu kwa upole ule ule. "Wakala ananiambia wewe na mpokeaji mnafanana. Na mimi nina macho."

Wakala akatazama viatu vyake.

"Kama si ndugu," aliendelea Mkuu, "basi asubuhi ulikuwa na akili zako na hakuna sababu ya kubadilisha. Uamuzi wako unabaki, mashine inabaki kizimbani mpaka rufaa isikilizwe huko juu, mwezi ujao au mwingine. Kama ni ndugu, uamuzi wako ni batili tangu mwanzo, faili naliamua mimi sasa hivi, na wewe unajua kinachokusubiri." Akamgeukia Kitinda. "Mama wa maabara. Huyu afisa ni nani kwako?"

Kitinda aliangalia dirishani. Kule nje, chini ya bati la ghala, maboksi yake yalikuwa yanavuja maji polepole juu ya sakafu. Mashine aliyoiombea miaka, tangu siku ya maziko. Neno moja tu, na inatoka.

"Simjui," akasema.

Fundi Mitambo alishtuka mlangoni.

"Hujui hata jina?"

"Nilimwona leo asubuhi. Mkali. Basi." Akaikaza sauti. "Watu wengi tunafanana, mzee."

Miaka yote Kupima-Nini alitamani siku moja tu asiitwe dada wa Kitinda. Leo ameipata, mbele ya mashahidi, na Kitinda ameilipa kwa mashine yake. Mkuu alikuwa ameinua kalamu. Akinyamaza tu, akinyamaza kwa pumzi mbili, kazi yake ipo, Jumamosi ipo, gauni lipo.

Na maji yanavuja kule nje.

"Afisa?" akauliza Mkuu. "Na wewe? Huyu ni nani kwako?"

Akamgeukia mdogo wake. Kwenye kola ya Kitinda ulikuwa umebaki uzi mweupe, wa gauni. Na kabla akili haijamwambia usifanye, mkono wake ulikuwa umeshafika. Aliutoa uzi. Akalowesha kidole ulimini, akamfuta mdogo wake alama ya chozi shavuni, kwa nguvu, vile Mama alivyokuwa akiwafuta wote wawili mlangoni kabla hawajakwenda shule. Na Kitinda, mkuu wa maabara, akafumba macho na kutoa shavu, kama alivyozoea.

Hakuna mtu anayemfanyia hivyo mtu asiyemjua.

Chumba kizima kiliona. Wakala alisahau viatu vyake.

Mkuu aliutazama uzi mkononi mwa afisa wake. Kwenye shavu la afisa kulikuwa na vitone vidogo vya damu, vya pini, na yeye hakujua ni vya nini. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu.

"Lete," akasema.

Kifuani kwa Kupima-Nini kulikuwa na kitambulisho cha kazi. Kwenye kidole chake kulikuwa na funguo za kizimba. Alivishika vyote viwili kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalikumbuka swali lake.

"Lete nini, Mkuu?"